Fundi Ngoja na Mpira wa Juu

Gari lilipomchemkia mlimani kwa mara ya tatu, mkunga hakulitukana. Mara ya kwanza alilibembeleza, mara ya pili alililaani, na hii ya tatu aliketi tu juu ya jiwe kando ya barabara, mikono mapajani, akiutazama mvuke unaofoka chini ya boneti. Ndani ya gari hakukuwa na mtu mwingine ila mdogo wake, kinyozi, ambaye ukimzika leo kesho atafufuka kuja kusahihisha hotuba ya mazishi.

"Dada, hiyo ni injini," kinyozi alisema kupitia dirishani.

"Najua ni injini. Ulidhani nimepakia jiko?"

"Nasema imekufa."

"Aliyekufa hapigi mluzi hivyo. Nyamaza tungoje ipoe."

Mkunga hakuwa mtu wa kupenda magari. Hilo alikuwa amelinunua kwa sababu moja tu. Miaka miwili nyuma, bintiye alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mkunga, aliyekuwa amezalisha watu kwa miaka thelathini na mmoja katika zahanati ya mji ule, aliweka viganja tumboni akajua palepale kwamba mtoto amelala kwa upana, hatatoka bila kisu cha daktari. Hospitali iko ng'ambo ya mlima. Mwenye gari la kukodi aliahidi kuja asubuhi, akaja adhuhuri. Binti alipasuliwa akapona, lakini mtoto hakuwahi kulia. Tangu siku hiyo mkunga aliapa kwamba halitatokea tena gari la mtu mwingine kuamua nani azaliwe katika nyumba yake.

Sasa binti alikuwa amerudi kwa mama yake na mimba ya pili, mwezi wa tisa, tumbo limeshuka. Mtoto safari hii amekaa vizuri, lakini daktari alisema mwenye kovu la upasuaji asizalie nyumbani hata kidogo: uchungu ukianza, mleteni, msichelewe. Kwenda kusubiri hukohuko hospitalini hakuwezekani, maana vitanda ni vichache na asiye na uchungu hapokelewi. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimebaki kwa gari hilo, na gari lenyewe ndilo hilo linapiga mluzi mlimani.

Walilipeleka kwanza kwenye gereji kubwa yenye sakafu ya vigae. Bwana mmoja aliyevaa koti jeupe kuliko la daktari alisimama hatua tatu kutoka kwenye boneti, akaona mapovu yakichemka kwenye kopo la maji ya akiba, akatikisa kichwa. "Gasketi ya silinda hedi, ile ya kuziba kichwa cha injini, imeungua. Tushushe injini. Wiki tatu." Hakugusa kitu. Mkunga alimtazama mikono yake, safi, kucha zimekatwa vizuri, akamwambia mdogo wake waondoke. Mtu anayemkata mgonjwa kabla ya kumpapasa alikuwa amemkimbia maisha yake yote, na hakuona sababu ya kumkubali kwa sababu tu mgonjwa ana magurudumu.

Aliyewaonyesha njia ya pili ni mteja wa kinyozi, akiwa kitini na sabuni kidevuni. Alisema nyuma ya duka la milango yuko fundi mmoja wanamwita Ngoja. Jina hilo alipewa na wateja waliochoka naye, kwa sababu ukimuuliza lolote hujibu kwa neno hilohilo. Lilimganda, naye akalikubali, mpaka mkewe akawa anaitwa mama Ngoja.

Gereji yake ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo sita. Ubaoni kila spana ilikuwa na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyeusi, ili ikikosekana ionekane. Fundi mwenyewe alikuwa mwembamba wa miaka arobaini na kitu, masikio makubwa, na sauti ya chini inayokulazimisha usogee. Hakufungua boneti. Alimvutia mkunga benchi, akafuta vumbi kwa kiwiko, akaanza kuuliza.

"Lilianza lini, mama?"

"Mwezi na nusu sasa."

"Linachemka likipanda au likisimama?"

"Likipanda. Tambarare halina neno."

"Hita ukiiwasha inatoa joto?"

"Joto kwanza, halafu baridi, halafu joto. Kama mtu asiyejua anachotaka."

"Na nyuma ya dashibodi unasikia nini?"

Mkunga alikaa sawasawa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Maji yanabubujika. Kama tumbo lenye njaa."

Fundi Ngoja alitikisa kichwa polepole, akarudia kila jibu kwa sauti ya chini kana kwamba analikariri. Mkunga akafurahi, jambo lililomshangaza mwenyewe. Hivi ndivyo yeye alivyokuwa akiwahoji wajawazito kabla ya kuwalaza kitandani, na alikuwa amewachapa kwa maneno vijana wangapi wa kozi ya ukunga kwa kuliruka hilo!

"Basi tuangalie," kinyozi alisema, akiifuata boneti.

"Ngoja," fundi alimwambia. "Leo lina joto. Gari lenye joto linasema uongo. Liache hapa lilale, mje kesho asubuhi. Na mtu asiguse kitu."

"Binti yangu anaweza kushikwa kabla ya kesho," mkunga alisema, na safari hii sauti ilimtoka na hofu yote aliyokuwa ameificha.

Fundi alimtazama. Hakumwambia asijali, wala hakumwambia Mungu yupo. "Ndiyo maana nataka kujua, mama," alisema. "Nikikisia nikakosea, litawafia njiani naye akiwa ndani."

Asubuhi walimkuta amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, mikono ameifungia mgongoni kama mtu aliyealikwa nyumba ya watu. Alimwita mkunga kwa kidole.

"Unauona mpira huu wa juu, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, hili tangi la mbele la kupozea maji? Ushike."

Mkunga aliushika. Mpira mnene uliopaswa kuwa wa duara ulikuwa bapa, umenywea, pande zake mbili zinakaribia kugusana, kama titi ambalo mtoto amelinyonya akalimaliza.

"Gasketi ikiungua," fundi alisema, "moshi wa injini unaingia kwenye maji. Presha inajaa. Hata asubuhi ungeukuta mpira huu mgumu. Sasa huu umenyonywa. Humu ndani kuna kinachovuta, si kinachosukuma. Lakini ngoja tuhakikishe. Usiuachie."

Aliwasha injini. Mkunga, kwa mazoea, aliinua saa ndogo aliyoibana kifuani akaanza kuhesabu. Fundi alimweleza kwamba kama moshi unapenya, mpira utafura kiganjani mwake kabla ya dakika mbili, maji yakiwa bado ya baridi. Dakika moja ilipita, ya pili ikapita. Injini ilinguruma, boneti ikatetemeka, na mpira ukabaki umelegea vilevile mkononi mwake.

"Hakuna kitu," alisema mkunga.

Fundi alizima injini. "Basi injini yako haishushwi na mtu."

Mkunga aliegemea mlango. Kinyozi, aliyekuwa ametulia kwa dakika mbili nzima na sasa ameshindwa, akauliza, "Kama si gasketi, ni nini?"

"Bado sijui," fundi alijibu, bila haya yoyote, kama mtu anayetaja saa.

Kama kuna kitu kilichomfanya mkunga ampende mtu yule kama mwanawe wa kumzaa, ni jibu hilo. Katika miaka yake ya kazi alikuwa ameona madaktari wazima wakilikwepa neno "sijui" kama deni, na akina mama wakilipia. Huyu alilitamka akaendelea kutazama. Alikuwa akiangalia kopo la maji ya akiba pembeni, lile la plastiki.

"Mama, huwa unaongeza maji humu?"

"Sijaongeza hata tone. Kila asubuhi nalitazama, nalikuta limejaa."

"Limejaa mpaka shingoni," fundi alisema. "Gari linachemka kwa kiu, mpira umenywea, na kopo limejaa. Ngoja." Alikuna sikio. "Maji yakipata moto yanaongezeka, yanakisukuma kifuniko cha rejeta, yanakuja kukaa humu. Gari likipoa linayavuta yarudi. Kutoka na kurudi, kila siku, ndiko kupumua kwake. Lako linatoa pumzi, haliivuti. Linavuta, linakuta mlango umefungwa, linaubana mpira wake lenyewe, na mwisho linanyonya hewa kwenye viungio. Hewa hiyo ndiyo unayoisikia ikibubujika. Ukipanda mlima inakwenda kukaa pale juu palipotakiwa kukaa maji, na hewa haipozi chuma."

"Mlango gani umefungwa?"

"Huu." Aliweka kitambaa juu ya kifuniko cha rejeta, akapapasa kuhakikisha hakina moto, akakizungusha taratibu, nusu, akasimama, kisha akamalizia.

Gari lilivuta pumzi. Hakuna neno lingine la kulisema hilo: lilivuta hewa kwa mkupuo, kama mtoto mchanga kabla ya kilio cha kwanza, na mpira wa juu ukaruka ukarudi duara kwa kishindo. Mkunga alijikuta ameshika kifua. Alikuwa amesikia sauti ile mara elfu kadhaa, na hakuwahi kuichoka.

Fundi alikigeuza kifuniko juu chini. Kilikuwa kimevikwa ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, imenata kwenye chuma. Aliibandua kwa ncha ya kucha, akainyoosha juani. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, duara safi, na imekunjwa mara mbili.

"Sasa hii ni nini?" kinyozi aliuliza.

Mkunga hakuuliza. Alikuwa anaijua. Ilikuwa kiganja cha glovu, glovu ya kuzalishia, kutoka kwenye boksi lililokuwa kabatini kwake. Alikumbuka mpaka siku yenyewe: aliona unyevunyevu kwenye kifuniko, akaona aibu kumsumbua fundi kwa jambo dogo vile, akakata kiganja cha glovu, akakikunja, akakivika kifuniko na kukikaza. Unyevu ulikauka. Alijisifu siku nzima. Kisha akasahau, kama mtu anavyosahau fungu la chumvi alilotia mchuzini.

"Mimi," alisema.

Halafu kinyozi akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. "Dada! Kumbe mchawi tunaye nyumbani! Ndiyo maana wakasema kinyozi hajinyoi!" Akalisema hilo huku kidevu chake mwenyewe kina vishungi viwili vya ndevu alivyovisahau tangu juzi.

Mkunga hakucheka. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Ni yeye aliyewaambia wanafunzi wake kwa miaka thelathini na mmoja: mikono mfukoni mpaka uitwe, kila kidole unachoingiza bila sababu kina gharama yake. Na ni yeye aliyetaka kumpakia bintiye kwenye gari alilolikaba koo kwa mkono wake. Angekufa mtoto wa pili, na angemlaumu mlima.

"Ningemuua," alisema polepole.

Fundi Ngoja hakucheka wala hakumpa pole. Alikuwa bado anaigeuzageuza ile glovu kwenye mwanga, kwa heshima ya mtu anayetazama kazi ya mwenzake. "Umeikaza vizuri sana, mama," alisema. "Mimi nisingeweza. Ingekuwa kazi mbovu, maji yangepenya yakarudi, na gari lisingechemka." Kisha akaongeza, "Ulichokiona ni kweli. Kifuniko kilikuwa kinavuja, mpira wake umechakaa. Ulikosea dawa tu, ugonjwa uliujua."

Hapo ndipo mkunga alipocheka, machozi yakimtoka. "Wewe mwanangu, nani alikuzalisha? Si mimi kweli?"

"Hapana, mama. Mimi nilizaliwa njiani."

Kazi iliyobaki ilichukua asubuhi yote, na mkunga hakutoka benchini. Fundi aliyapandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao ili shingo ya rejeta iwe mahali pa juu kuliko pote, akachomeka faneli, akamimina maji ya dawa ya kupozea injini. Gari ambalo kopo lake lilikuwa limejaa lilikunywa lita mbili na zaidi. Akawasha injini, akaifungua hita mpaka mwisho, akaanza kuuminya mpira wa juu na kuuachia, kuuminya na kuuachia, bila haraka. Mapovu makubwa yalipanda kwenye faneli yakapasuka. Kila yalipopasuka maji yalishuka, naye akaongeza. Kinyozi aliuliza kama imetosha. Mnajua alijibiwa nini.

Mpira wa chini ulikaa baridi kwa muda mrefu, kisha ghafla ukapata moto, maana themostati, kile kilango cha ndani kinachozuia maji mpaka yapate moto, ilikuwa imefunguka na maji yameanza kuzunguka. Mapovu yakaja madogo, yakaja machache, yakakoma. Nyuma ya dashibodi lile tumbo lenye njaa likanyamaza. Hita ikapuliza joto moja lisilobadilika.

Baadaye, gari lilipopoa, alifunga pampu ndogo yenye saa ya presha kwenye shingo ya rejeta, akasukuma mpaka mshale ukafika alipotaka, akakaa chini kuutazama. Robo saa nzima walikaa watatu wakitazama mshale usiosogea. Mkunga aliwahi kuona watu wakitazama mpira wa miguu kwa hamu, lakini hakuwahi kuona mtu akitazama kitu kisichotokea kwa furaha kama ile. Ndipo fundi akachukua kifuniko kipya, akakipima nacho kwa pampu kama vile hamwamini aliyekitengeneza, akakifunga. Alasiri walipanda mlima wote watatu. Walifika juu, wakageuka, wakapanda tena. Mshale wa joto ulikaa katikati.

"Una uhakika sasa?" mkunga alimuuliza walipokuwa wanashuka.

Fundi alifikiri kwa muda ambao mtu mwingine angeshajibu mara tatu. "Leo nina uhakika wa leo. Kesho asubuhi ushike mpira ule kabla hujawasha. Ukiukuta umejaa, duara, mpakie binti yako uende. Ukiukuta umenywea, usimpakie, nipigie mimi. Na kopo litakuwa limepungua kidogo. Usiogope, litakuwa limekunywa."

Kesho yake kopo lilikuwa limepungua upana wa kidole, na mpira ulikuwa duara. Kesho kutwa vilevile. Kinyozi alisema dada yake sasa analiamkia gari kabla ya kumwamkia binti. Ilikuwa kweli.

Siku ya nne, kunapambazuka, binti aliita kutoka chumbani, mara moja, kwa sauti ambayo mkunga asingeweza kuikosea. Kinyozi alitoka mbio na begi, akafungua mlango wa nyuma, akamkuta dada yake ameinama chini ya boneti.

"Dada! Mtoto anakuja!"

"Nimesikia. Ngoja."

Aliweka kiganja juu ya mpira. Ulikuwa wa baridi, wenye umande, na ulikuwa umejaa. Aliuminya, ukamsukuma. Aliuminya tena, kwa sababu hofu haiishi kwa mara moja. Kisha akafunga boneti. "Mpandishe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kazini.

Mlima ulikuwa uleule. Binti alikuwa nyuma, amemshika mjomba wake mkono kiasi kwamba kwa mara ya kwanza mjomba hakuwa na la kusema. Kwenye jiwe lile la kando ya barabara, mkunga aliteremsha macho kwenye mshale. Ulikuwa katikati. Akabadilisha gia, akalipita jiwe.

Hospitalini walimpokea mlangoni wakamwambia mama mkunga asubiri nje, kazi hii si yake leo. Alisubiri. Aliweka mikono mfukoni na kuiacha humo. Saa nne kasoro, kupitia ukuta, alisikia kwanza ule mvuto wa pumzi, na baada yake kilio kikali cha mtoto mwenye hasira. Alilia naye, wima ukumbini, bila kujali anaonwa na nani.

Alipoweza kuzungumza alimpigia fundi simu.

"Fundi, tumefika. Ameshazaa."

Upande wa pili sauti ile ya chini ikauliza, "Mpira ulikuwaje?"

Mkunga alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Huyu fundi anauliza mpira kabla ya mtoto! Akajifuta uso kwa kiganja.

"Ulikuwa umejaa, mwanangu," alisema. "Ulijaa kiganja kizima."

"Haya," Fundi Ngoja alisema, na mkunga akamsikia akishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia siku nne. "Sasa niambie mtoto."